Ukitaka Kusema Neno la Siasa Mtandaoni Kampala

Zamani si nyingi, mtu wa Kampala aliyekuwa na dukuduku na serikali alijua pa kwenda Jumamosi alasiri. Alikwenda Club Obbligato, akaagiza soda yake, akangoja zamu ya kushika kipaza sauti, na maneno yake yakarushwa hewani na Radio One. Baraza hilo liliitwa ekimeeza, neno la Kiganda lenye "meza" yetu tumboni mwake. CBS, redio ya Buganda, nayo ilikuwa na baraza lake, tena lenye jina la Kiswahili kabisa: Mambo Bado. Septemba 2009 mji ulichafuka baada ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kuzuiwa kwenda Kayunga. Serikali ikapiga marufuku mabaraza hayo ya nje, na CBS ikazimwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Meza ile ikahamia kwenye simu. Sasa ubishi uko X, TikTok, Facebook, kwenye blogu, na kwenye vile vikundi vya WhatsApp vya wenyeviti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Tofauti ni kwamba kwenye ekimeeza palikuwa na mwendesha mjadala wa kukukata kauli ukivuka mpaka. Mtandaoni hakuna wa kukukata ila wewe mwenyewe, na usipojikata huenda ukakatwa na askari. Basi tukae chini tuelezane: uanzie wapi, uandike nini, utatumia shilingi ngapi, na ufanye nini mambo yakiharibika.

Huenda unajiuliza kwanza kama kuandika mtandaoni kunabadilisha chochote, au ni kelele tu. Chukua mfano wa mashimo. Aprili 2023, Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni wa siasa ambaye pia ni mwalimu wa chuo kikuu, aliwaomba watu wa Kampala wapige picha za mashimo ya barabara zao na kuzituma kwenye Twitter (leo inaitwa X) chini ya alama moja ya reli: #KampalaPotholeExhibition, yaani maonyesho ya mashimo ya Kampala. Alama ya reli ni ile #, inayokusanya maneno ya watu wengi mahali pamoja, kama vile kikapu kimoja sokoni. Picha zilimiminika. Shimo lenye maji ya kufugia samaki, boda iliyozama hadi ekseli, mtu aliyeketi ukingoni na fimbo ya kuvulia. Watu walicheka, lakini walicheka huku wakitaja jina la barabara. Kabla mwezi haujaisha Rais Museveni aliagiza hazina itoe shilingi bilioni 6 kwa KCCA, mamlaka ya jiji, za kuziba mashimo.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Februari 2024, Ssentongo na wenzake, akiwemo mwanahabari na mwanasheria Agather Atuhaire, wakaligeukia Bunge. Safari hii hazikuwa picha za mashimo ila karatasi: nyaraka za malipo, posho za safari, na ile "zawadi ya utumishi" ya shilingi milioni 500 aliyopewa Mathias Mpuuga alipokuwa kiongozi wa upinzani bungeni. Nchi nzima ilizungumza. Julai 23 ya mwaka huo vijana walijaribu kuandamana hadi Bungeni, na wengi wakakamatwa njiani.

Nimekaa sana kwenye mifano hii miwili kwa sababu ndiyo darasa lenyewe. Waliotukana walikuwepo tangu zamani, na matusi yao hayakuziba shimo hata moja. Kilichoitikisa ofisi ni picha, jina la mahali, tarehe na tarakimu. Ukitaka neno lako lifike, beba hivyo vinne. Na kama utakavyoona mbele, hivyo vinne pia hukukinga.

Sasa, uandike wapi? X ndiko waliko wanahabari, wabunge na wanasheria, kwa hiyo neno dogo lenye ushahidi huokotwa haraka. TikTok ina vijana, na ndiyo inayofaa kwa anayeongea vizuri kuliko anavyoandika. WhatsApp ni ya mtaa: ukiwa na hoja ya mfereji ulioziba Bwaise, kikundi cha wakazi mia kinatosha, huna haja ya dunia nzima. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti ambazo ilisema zilikuwa zikitumiwa kuipigia debe serikali kwa udanganyifu. Tangu hapo wengi huingia kwa VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya pembeni ili mtoa huduma asione unakoelekea. Tahadhari moja tu: VPN nyingi za bure hulipwa kwa kuuza habari zako. Na kama una hoja ndefu, yenye historia na hesabu, fungua blogu, yaani daftari lako la wazi kwenye intaneti. Blogger na WordPress hutoa nafasi bure, na barua pepe moja inatosha kujiandikisha.

Gharama kubwa ni bando. Kuanzia Julai 1, 2018 tulilipa shilingi 200 kila siku kabla ya kufungua mitandao ya kijamii, kodi iliyozaliwa baada ya Rais kumwandikia waziri wake wa fedha akilalamikia olugambo, yaani umbeya wa mitandaoni. Piga hesabu: 73,000 kwa mwaka, kwa mtu anayeuza nyanya Nakawa. Kodi hiyo ilifutwa 2021, lakini usishangilie mapema, kwani nafasi yake ilichukuliwa na ushuru wa asilimia 12 uliofichwa ndani ya bei ya bando. Huuoni, ila unaulipa.

Je, ni lazima ujisajili serikalini? Kwa ujumbe wako wa kawaida na marafiki, hapana. Ila Tume ya Mawasiliano, UCC, yenye makao yake Bugolobi, imewahi kuwataka wanaochapisha habari mtandaoni kwa umma, wakiwemo wenye blogu, wajisajili na kulipa ada. Ilitangaza hivyo 2018, ikarudia 2020. Ukianza kuchapisha kila wiki na kupata matangazo ya biashara, pita Bugolobi uulize masharti ya mwaka huo na uombe risiti kwa kila unacholipa. Wenzetu wa Tanzania walibanwa zaidi: kanuni za 2018 ziliweka leseni ya shilingi milioni moja za huko kwa mwaka, na blogu nyingi zikanyamaza.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Ushahidi unapatikana wapi? Kuna vitu ambavyo viko wazi na watu hawaviangalii. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zinazoitwa Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge, na humo utasoma neno kwa neno alichosema mbunge wako, au utagundua kwamba hajasema kitu. Bajeti, hadi ya wilaya, iko kwenye budget.finance.go.ug. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoka kila mwaka na inasomeka bure kwenye tovuti yake. Sheria na hukumu za mahakama ziko ulii.org, nazo bure. Tatizo ni kwamba zote ni za Kiingereza, na ndefu. Mtafute kijana wa mtaani aliyemaliza shule, muisome pamoja sura inayohusu sehemu yenu tu.

Usipokikuta unachokitaka, kidai. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inaeleza namna. Andika barua, au jaza fomu iliyo kwenye kanuni za sheria hiyo za 2011. Ielekeze kwa afisa habari wa ofisi husika. Kisheria huyo ni mkuu wa ofisi mwenyewe, kwa hiyo kwa mambo ya jiji unamwandikia mkurugenzi mtendaji wa KCCA. Taja jambo moja tu, mahususi: "Naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa barabara fulani, na kiasi kilicholipwa hadi leo." Huhitaji kueleza unaitakia nini. Ada ya kanuni ni shilingi 20,000. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Muhuri huo ni mali. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza, kimya chake kinahesabiwa kuwa kukataa, na unaweza kulalamika kwa hakimu mkuu wa wilaya. Hata hiyo barua isiyojibiwa ni habari: ipige picha, iweke mtandaoni na uandike, "Siku 21 zimepita." Wenye ofisi hawapendi kuona muhuri wao wenyewe ukiwashtaki.

Haki hii ni ya raia. Na kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili hapa Kampala wamo ndugu zetu waliotoka Kongo, niseme wazi: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamkataza mkimbizi kujihusisha na shughuli za kisiasa ndani ya Uganda. Ukiwa na kadi ya ukimbizi, lalamikia maji, shule na kodi ya nyumba kama mkazi, na neno la chama na uchaguzi mwachie jirani yako raia.

Kabla ya kuandika, hakikisha picha. Mimi mwenyewe nilishasambaza picha ya mafuriko ya Bwaise, maji yamefika madirishani, nikaweka na ukali juu yake. Kumbe ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Mama mmoja wa kikundini akanijibu kwa upole kwamba ule ukuta wa kijani ulishabomolewa. Nilikaa kimya mtandaoni wiki nzima kwa aibu. Tangu siku hiyo naibonyeza picha kwenye Google Lens, inayoonyesha ilipowahi kutokea kabla. Ikiwa ni dai la siasa, natazama kama PesaCheck, kikundi cha kuhakiki habari kinachofanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania, wamelichunguza. Sauti na video nazo siku hizi hutengenezwa na kompyuta. Ukipewa sauti ya kiongozi inayosema jambo la kukufanya uruke kitini, iache ilale usiku mmoja. Ikiwa ya kweli, kesho redio zote zitakuwa nayo.

Sasa andika. Mtu anaweza kuandika hivi: "Viongozi wetu wezi watupu, wamekula hela ya barabara." Mwingine akaandika: "Hii ni barabara inayopita mbele ya soko letu, Kawempe. Picha ya leo Jumanne, saa 1 asubuhi. Shimo linafika goti. Bajeti ya mwaka huu inataja ukarabati wake, ukurasa ni huu. KCCA, kazi inaanza lini?" Wa kwanza amemwita mtu mwizi, na akiambiwa athibitishe hana kitu. Wa pili ameuliza swali, na anayepaswa kuhangaika ni mjibu swali. Ukiwa na hasira, andika kwanza kwenye daftari, ukanywe chai, kisha rudi ufute kila neno linalomhusu mtu na mwili wake, mama yake, kabila lake au dini yake. Kinachobaki ndicho cha kutuma.

Hilo la kufuta si adabu tu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 imewapeleka wengi gereza la Luzira. Dakta Stella Nyanzi wa Makerere alikamatwa Aprili 2017 kwa maneno ya Facebook yaliyomfananisha Rais na makalio, na Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18 kwa shairi alilolichapisha hukohuko, hadi Mahakama Kuu ilipomwachia Februari 2020. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alichukuliwa mwishoni mwa 2021 kwa maandishi ya Twitter kuhusu Rais na mwanawe Muhoozi Kainerugaba. Sasa anaishi uhamishoni Ujerumani. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha "mawasiliano ya kuudhi", ikaona kina upana wa kumnasa yeyote. Lakini Bunge lilikuwa limeshapitisha marekebisho ya 2022, yaliyoleta makosa ya chuki na habari za hila, kila moja likiwa na faini ya hadi shilingi milioni 15 au kifungo cha hadi miaka 7. Julai 2024 kijana wa miaka 24 alifungwa miaka 6 na mahakama ya Entebbe kwa video za TikTok kuhusu Rais na familia yake. Alikiri na kuomba msamaha.

Wakubwa huteleza pia, ila huangukia godoro. Oktoba 2022 huyohuyo Jenerali Muhoozi aliandika kwamba yeye na jeshi lake wasingechukua wiki mbili kuiteka Nairobi. Wakenya wakamjibu kwa mzaha usiku kucha, yeye akaondolewa kwenye uongozi wa jeshi la nchi kavu huku akipandishwa cheo kuwa jenerali kamili, na baba yake akawaomba Wakenya radhi. Wewe na mimi godoro hilo hatuna.

Mambo mengine mawili ya sheria ambayo watu husahau. Kusambaza cha mwenzio ni kama kusema mwenyewe, na "nimetumiwa tu" haitakuokoa. Na marekebisho ya 2022 yaligusa pia habari za watoto zinazotolewa bila idhini ya mzazi, kwa hiyo ukipiga picha ya shule iliyobomoka, ficha nyuso za wanafunzi. Sheria hizi hupingwa mahakamani na kubadilika; kabla ya kuchapisha jambo zito, muulize mwanasheria kifungu kiko wapi leo.

Simu yako nayo ina mlango. Weka namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi, na kwenye WhatsApp uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya pili inayoombwa hata kama mtu ameiba laini yako. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, basi usijidanganye kwamba jina la bandia ni kofia ya kutoonekana. Ukitukanwa, na wanawake wanaosema siasa hutukanwa zaidi yetu, piga picha ya skrini yenye tarehe, kisha mfungie mtu huyo. Usimjibu.

Ukikamatwa je? Uliza sababu, na uulize kwa Kiswahili kama ndiyo lugha yako, kwani Katiba inataka uelezwe kwa lugha unayoielewa. Askari wetu wengi wanaijua vizuri, ndiyo lugha ya kambini. Una haki ya wakili, na ya ndugu zako kujulishwa ulipo. Usiandike maelezo kabla wakili hajafika. Ndani ya saa 48 lazima ufikishwe mahakamani au uachiwe. Dhamana ya polisi ni bure, na vituo vingi vina bango linalosema hivyo; anayekuomba "ya mafuta" anakuibia. Mashirika kama Chapter Four na HRNJ-Uganda yamewatetea watu wa kesi hizi, na Uganda Law Society ina msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Tafuta namba zao leo na uziandike kwenye karatasi iliyo mfukoni mwa ndugu yako, kwa maana simu yako itakuwa mezani kwa mpelelezi.

La mwisho ni siku intaneti inapozimwa, na huku kwetu huzimwa uchaguzi ukifika. Februari 18, 2016, siku ya kupiga kura, ilifungwa mitandao ya kijamii pamoja na huduma ya pesa za simu. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kama tano. Januari 13, 2026, saa 12 jioni, siku mbili kabla ya kura, ikazimwa tena. Mitandao ikifungwa peke yake VPN husaidia, lakini intaneti yote ikizimwa VPN ni kama ndoo kisimani pasipo maji. Kwa hiyo wiki ya uchaguzi toa pesa taslimu za matumizi ya siku kadhaa mapema, nunua muda wa maongezi wa kawaida, kubalianeni kikundini nani atampigia nani, na rudisheni redio ndogo ya betri mezani. Unachokiona kituoni kiandike kwenye daftari: mahali, tarehe, saa, tarakimu zilizobandikwa ukutani. Siku mtandao utakaporudi, utakuwa na cha kutuma.